Lori la zamani lililobadilishwa: lipitishe kwa mkaguzi bila kubahatisha

Kigoma ni mwisho wa reli, lakini si mwisho wa safari ya mzigo. Dagaa wakishushwa mwaloni Kibirizi au Katonga, hupandishwa kwenye lori. Mawese, chumvi ya Uvinza, maharage ya Kasulu, ndizi za Buhigwe na saruji ya kujengea, vyote kwa sehemu kubwa hutembea juu ya malori. Na malori mengi tunayoyaona Mwanga, Gungu na Mwandiga ni ya zamani. Yalianza kazi nchi nyingine, yakaja kwetu, na mengi yamepita gereji zaidi ya moja: limerefushwa hili, limeongezwa springi lile, jingine limewekewa injini ya gari jingine.

Wasikilizaji wetu wengi wenye magari ya namna hii hutuuliza swali moja kwa maneno tofauti: je, lori lililobadilishwa linaweza kupita ukaguzi? Jibu fupi ni ndiyo, linaweza. Lakini kinachopita ni badiliko lililofanywa kwa kufuata njia na likaonekana kwenye karatasi. Badiliko la kuficha chini ya rangi ndilo linalomkosesha mtu msimu mzima wa mazao, au linalomfikisha mahali pabaya zaidi kwenye mteremko.

Katika makala haya tunaeleza nani anakagua nini, mabadiliko gani yana hatari gani, na unavyoweza kulipima lori lako mwenyewe kabla ya kulipeleka. Yahifadhi kwenye simu yako, kisha umwonyeshe na fundi wako.

Nani anakagua nini?

Watu wengi husema "nakwenda kukaguliwa" kana kwamba ofisi ni moja. Kwa lori la mizigo, zipo ofisi kadhaa, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Hapo ndipo walipo wakaguzi wa magari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo sasa ni Sura ya 168, inakataza gari bovu kutembea barabarani na inawapa polisi mamlaka ya kulikagua na kulizuia. Ukaguzi huu ndio unaohusu ubora wa gari lenyewe: breki, usukani, matairi, taa na chesisi. Ndio pia unaohusiana na stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani.

Ya pili ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Hawa ndio wenye daftari la usajili wa magari. Kadi ya gari hutoka kwao, na kila kilichoandikwa kwenye kadi, yaani namba ya chesisi, namba ya injini, aina ya bodi, rangi na jina la mwenye gari, ndicho kinacholinganishwa na gari lililosimama uwanjani.

Ya tatu ni LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Lori linalobeba mizigo kwa biashara linahitaji leseni ya usafirishaji kutoka kwao.

Ya nne ni TANROADS, Wakala wa Barabara, ambao ndio wenye mizani. Wao hawaulizi rangi ya gari lako. Wanapima uzito wa kila ekseli na uzito wa jumla.

Ofisi hizi nne zinatazama lori moja kwa macho manne. Ukirekebisha jambo kwa ofisi moja na ukaliacha kwa nyingine, utakwama mbele ya safari.

Kwanza lijue lori lako lilizaliwa kubeba nini

Hapa ndipo tatizo kubwa la malori yetu linapoanzia, na wengi hawalijui.

Malori mengi ya saizi ya kati yanayotoka Japani, kama Mitsubishi Fuso Fighter, Isuzu Forward na Hino Ranger, yalitengenezwa kwa uzito wa jumla usiofika tani 8. Tunaposema uzito wa jumla tunamaanisha gari lenyewe pamoja na mzigo, mafuta na watu. Sababu yake ni sheria ya leseni ya Japani. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2007, dereva mwenye leseni ya kawaida kule aliruhusiwa kuendesha gari la uzito wa jumla chini ya tani 8. Viwanda vikatengeneza malori yanayoingia ndani ya kipimo hicho, na kwao huitwa malori ya tani 4, kwa sababu mzigo wake ni takribani tani 4.

Lori hilo likifika kwetu, linapakiwa mara mbili ya hapo na zaidi. Ili lisilale, linaongezwa majani ya springi. Ili mzigo utoshe, linarefushwa. Halafu tunashangaa kwa nini breki haishiki.

Kwa hiyo kabla hujauliza fundi lolote, tafuta kibati cha kiwanda. Mara nyingi kimepigwa kwenye fremu ya mlango au ndani ya kichwa cha gari. Kisome, au kipige picha umpelekee anayejua. Kinaeleza namba ya chesisi, aina ya gari, na mara nyingi uzito ambao gari lilikusudiwa. Yapo pia malori ya aina hizohizo yaliyotengenezwa kwa uzito mkubwa zaidi, ndiyo maana jina la "Fuso" peke yake halitoshi kukwambia kitu. Kibati ndicho kinachosema.

Mabadiliko yanayowaangusha wengi

*Kurefusha chesisi.* Fikiria ubao mrefu uliowekwa juu ya mafiga mawili, kisha mtu akae katikati. Ubao unapinda: upande wa chini unavutwa, upande wa juu unabanwa. Chesisi ya lori hufanya vivyo hivyo kila inapopakiwa, na hurudia kila gari linapopita shimo. Kingo za juu na za chini ndizo zinazobeba kazi kubwa. Katikati ya ubavu wake kuna unafuu.

Ndiyo maana mkaguzi hutazama kwanza kingo hizo. Tundu lililotobolewa kwenye ukingo, au mshono wa kuchomelea uliokata ukingo kwa mstari ulionyooka, ni mwanzo wa ufa. Zaidi ya hapo, chuma cha chesisi kimetengenezwa kwa namna ya pekee ili kiwe kigumu na bado kipinde bila kukatika. Joto la kuchomelea hupunguza nguvu hiyo karibu na mshono. Ndiyo maana ufa mara nyingi huonekana pembeni ya mshono, si juu yake.

Kama ni lazima lirefushwe, kazi ifanywe na fundi mwenye ujuzi wa kazi hiyo, mshono ukatwe kwa mshazari, na kipande cha kuimarisha kifungwe ndani au ubavuni kwa bolti za nguvu. Kipande hicho kisiishie ghafla kwa ukingo wa mraba. Kipunguzwe taratibu kuelekea mwisho, la sivyo chesisi itavunjika pale kinapoishia.

Kurefusha hakuishii kwenye chesisi. Propela shafti nayo inarefushwa, na isipobalansiwa itatikisika mpaka ile misalaba na bearingi ya katikati viishe. Paipu za breki na nyaya za taa nazo zinaungwa. Kila kiungo ni mahali ambapo mkaguzi ataweka mkono.

*Kuongeza urefu nyuma ya ekseli ya nyuma.* Wengine hawagusi katikati. Wanaongeza mkia tu. Mzigo ukikaa nyuma sana, mbele kunakuwa kwepesi. Dereva hulijua hilo kwenye mpando: usukani unakuwa mwepesi kupita kawaida, gari halifuati kona. Kwenye barabara ya Manyovu, hicho ni kitu cha kuogopa.

*Kuongeza majani ya springi.* Hili ndilo linalofanywa zaidi, na ndilo linalodanganya zaidi. Springi zilizoongezwa huzuia lori kulala, basi. Haziongezi ukubwa wa ngoma ya breki. Haziongezi nguvu ya ekseli wala ya bearingi za magurudumu. Haziongezi uwezo wa tairi. Lori linasimama wima, mwenye gari anaona lina nguvu, kumbe kila kitu kingine kimebaki kilekile cha tani 8.

Kama springi zimeongezwa, hakikisha yubolti zinafika vizuri, nati zimeingia zote na zimekazwa tena baada ya safari za mwanzo. Jani lililovunjika halisubiri ukaguzi, libadilishe.

*Kupandisha bodi juu.* Mkaa, magunia ya dagaa wakavu na mihogo si vizito kwa kimo chake, hivyo watu hupandisha mbao za pembeni. Uzito unaweza kuwa ndani ya kipimo lakini mzigo ukawa mrefu mno. Gari refu kwenda juu huinama kwenye kona, na likishainama mzigo unasogea upande uleule. Hapo dereva hana la kufanya.

*Kubadilisha injini.* Injini kubadilishwa si kosa. Kosa ni namba ya injini kutofanana na kadi. Mkaguzi akikuta namba mbili tofauti, hana njia ya kujua kama injini ni ya halali au ya wizi. Namba ya chesisi ni jambo zito zaidi: ikiwa imekwanguliwa, imechomelewa juu yake au imepigwa upya, usitegemee kuondoka na gari siku hiyo.

*Taa.* Mbele ni nyeupe au ya njano. Nyuma ni nyekundu. Taa nyekundu inayowaka mbele, au nyeupe inayowaka nyuma gari likienda mbele, humfanya anayekuja ashindwe kujua unakuja au unakwenda. Taa za bluu na nyekundu za kumulika zina wenyewe, ni za magari ya dharura.

Sisi wa mpakani tuna jambo letu la ziada. Burundi na Kongo wanaendesha upande wa kulia, sisi kushoto. Taa kubwa ya gari lililotengenezwa kwa ajili ya upande wa kulia, ikiwekwa dim, hurusha mwanga upande ambao kwetu ndiko anakotokea mwenzako. Ukinunua taa iliyotumika, iwashe ukutani usiku uitazame kabla hujalipa.

Breki: kipimo usichokiahirisha

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nchi inayotuzunguka iko juu zaidi. Lori linalotoka Kasulu au Manyovu likija mjini, kwa jumla linateremka, na limepakia. Kwa hiyo kwetu Kigoma, breki ndiyo inayoamua kama gari linafika.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Mteremko ukiwa mrefu na dereva akawa amekanyaga muda wote, ngoma inapata moto na kutanuka, lainingi inateleza, na pedali inakwenda chini bila kushika. Dereva husema breki zimekata. Mara nyingi hazikukata, zimepikwa. Dawa yake ni ile waliyofundishwa madereva wa zamani: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Kwa gari zito, sheria inaweka mwisho wa kilomita 80 kwa saa kwa magari yanayozidi kilo 3,500, na kilomita 50 katika maeneo ya makazi. Kwenye mteremko, hata hizo ni nyingi.

Sasa lipime lori lako. Kwanza jua lina breki za aina gani. Malori makubwa mengi yana breki za upepo mtupu. Fuso nyingi za kati zina breki za mafuta zinazosukumwa na upepo. Hizi za pili zina mambo mawili ya kuangalia: upepo na mafuta ya breki. Mafuta yakipungua kila wiki, kuna mahali yanavuja, na kuyaongeza si matengenezo.

Kwa upande wa upepo, fanya hivi gari likiwa mahali pa tambarare, magurudumu yamewekewa mawe au magogo:

1. Washa injini mpaka geji ya upepo ijae, kisha zima.
2. Kanyaga pedali ya breki na uishikilie. Geji itashuka kidogo mara ya kwanza, kisha itulie.
3. Endelea kukanyaga kwa dakika moja ukiitazama. Kipimo wanachotumia madereva wa malori Marekani ni kwamba gari moja lisilo na tela lisipoteze zaidi ya alama 3 za psi kwa dakika hiyo. Yako ikishuka zaidi, kuna panapovuja.
4. Mtu mwingine apite chini akisikiliza. Mlio wa "sss" ni rahisi kuusikia injini ikiwa imezimwa. Sabuni ya povu kwenye viungo itakuonyesha mahali penyewe.
5. Washa swichi, kisha punguza upepo kwa kukanyaga na kuachia. Kengele au taa ya onyo inapaswa kuwaka kabla upepo haujaisha. Ikiwa mtu aliikata waya kwa sababu ilimkera, irudishe.

Mwisho, fungua koki chini ya mtungi wa upepo. Yakitoka maji mengi yenye mafuta, mtungi haujamwagwa siku nyingi, na huenda kompresa inapitisha oili. Kumwaga maji hayo ni kazi ya kila siku ya utingo, haichukui hata dakika mbili.

Handbreki ijaribiwe kwenye mpando, si kwenye tambarare. Gari likae peke yake, dereva akiwa ndani.

Uzito: piga hesabu kabla ya mizani

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ni ya mwaka 2016, na hapa Tanzania ilianza kutumika mwaka 2019. Inahusu magari yanayozidi tani 3.5. Vipimo vyake vya msingi ni hivi: ekseli ya mbele ya usukani mwisho tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne mwisho tani 10, ekseli mbili za nyuma zinazofuatana, zenye matairi manne kila moja, mwisho tani 18. Kwa hiyo lori la ekseli mbili haliwezi kuzidi tani 18 kwa jumla, na la ekseli tatu tani 26. Gari kubwa kuliko yote, lenye tela, mwisho wake ni tani 56.

Kumbuka jambo moja: hicho ni kipimo cha kulinda barabara. Hakimaanishi kwamba gari lako limetengenezwa kubeba kiasi hicho. Lori la tani 8 likipakiwa hadi tani 17 linaweza kupita mizani bila faini, na bado likashindwa kusimama mteremkoni. Kipimo cha kufuata ni kile kilicho kidogo kati ya viwili: cha kiwanda na cha sheria.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mifuko 200 ya saruji ya kilo 50 ni tani 10. Dumu la lita 20 la mawese lina mafuta ya takribani kilo 18, kwa hiyo madumu 300 ni zaidi ya tani 5. Mchanga uliolowa ni mzito kuliko mkavu, hivyo tripu ya masika si sawa na ya kiangazi. Na lori lenyewe tupu lina uzito wake. Kila bati, kila ubao na kila jani la springi ulilolongeza limepunguza mzigo unaoruhusiwa.

Kwa wanaobeba chumvi na dagaa: maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye magunia hula chuma. Ziwa letu ni la maji baridi, lakini mzigo wetu si hivyo. Osha chini ya gari kwa maji safi baada ya kila tripu, hasa viungo vya chesisi, paipu za breki na vikalio vya springi. Kutu iliyofunikwa na rangi mpya, mkaguzi huigonga kwa nyundo ndogo akasikia.

Karatasi ziendane na chuma

Kabla ya siku ya ukaguzi, simama mbele ya gari ukiwa na kadi mkononi. Soma namba ya chesisi kwenye chuma, kisha kwenye kadi, tarakimu moja baada ya nyingine. Fanya hivyo kwa namba ya injini. Tazama rangi na aina ya bodi. Tazama jina.

Kama kuna tofauti, itolee taarifa mwenyewe. Mabadiliko ya injini, rangi au bodi huombwa TRA, na mkaguzi wa polisi huhitajika kuliona gari. Nenda ofisi ya TRA ukiwa na kadi halisi, risiti ya kununulia injini au kifaa, na kitambulisho chako. Uwaulize orodha kamili ya wanachotaka kabla hujaanza kulipa. Malipo ya serikali hulipwa kwa kontroo namba. Mtu akikwambia mlipe mkononi ili "aharakishe", huyo hakusaidii.

Malori mengi bado yana jina la mwenye gari wa kwanza, au wa pili, ambaye huenda yuko Mwanza, Tabora au ameshafariki. Hilo lishughulikie mapema. Siku ajali ikitokea, sheria inamtafuta aliyeandikwa kwenye kadi, na wewe uliyelipa fedha zako huna cha kuonyesha.

Bima nayo haidanganyiki. Kampuni ya bima iliyokatia lori la bodi wazi, ikakuta limerefushwa na kuongezwa ekseli bila wao kuambiwa, inaweza kukataa kulipa. Waambie, waandike.

Tunashauri pia jambo ambalo wachache hulifanya: kila fundi anapomaliza kazi kubwa, akuandikie karatasi yenye tarehe, kazi aliyofanya na jina la gereji. Piga picha ya mshono kabla haujapakwa rangi. Ni ushahidi kwamba huna unachoficha.

Siku yenyewe

Peleka lori tupu, limeoshwa hasa chini. Gari lenye tope humfanya mkaguzi afikiri kuna kilichofunikwa. Nenda na dereva analolijua, mwenye leseni ya daraja linalohusika.

Kagua haya asubuhi hiyo: taa zote, pamoja na za breki na indiketa, honi, waipa, vioo vya pembeni, mikanda, pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujaisha, reflekta nyuma na ubavuni. Matairi yasiwe kipara wala na mipasuko ubavuni. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kwenye ekseli moja, usichanganye tairi mpya na iliyokwisha.

Usukani: shika, tikisa taratibu kushoto na kulia huku mwenzako akitazama magurudumu. Ukizunguka sana kabla gurudumu halijasogea, kuna tairodi au kingpini iliyolegea. Hilo rekebisha kabla, kwa sababu hakuna mkaguzi atakayelipitisha.

Gari likikataliwa, omba uandikiwe makosa, yote. Usikubali kuondoka na maneno matupu ya "gari bovu". Ukiwa na orodha, fundi atajua pa kuanzia na wewe utajua unalipia nini. Rekebisha, rudi. Kukataliwa si hukumu ya gari lako milele.

Mtu akikudai rushwa ili gari lipite, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo. Lakini tuseme ukweli wote: na wenye magari nao hutoa kabla ya kuombwa. Ukinunua stika, umenunua karatasi ya kubandika kiooni. Lainingi zilizoisha zimebaki vilevile, na aliyezikalia ni dereva wako na utingo wake.

Na wewe usiye na lori

Makala haya hayawahusu wenye magari peke yao. Siku za mnada, bado tunawaona kinamama na watoto wamekaa juu ya magunia. Lori la mizigo halikutengenezwa kubeba abiria. Juu pale hakuna mkanda wala cha kushika, na mzigo ukihama unahama na mtu. Nauli ya basi dogo ni kubwa zaidi, tunajua. Wanaopanda malori si wajinga, wanahesabu shilingi. Lakini hesabu hiyo iweke na uzima wako ndani yake.

Na wewe mwenye mzigo, unapotafuta lori la bei nafuu, una haki ya kuzunguka gari mara moja. Tazama matairi. Mwombe dereva akanyage breki uone taa ya nyuma. Muulize mara ya mwisho breki zilifunguliwa lini. Dereva mwenye gari zima hatakasirika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa chesisi, ufa hauzibwi kwa rangi, na ukuta wenyewe hautajengwa upya. Wiki hii, kabla ya kupakia tripu ijayo, mwambie utingo alale chini ya gari na tochi ya simu kwa robo saa. Atakachokiona huko ndicho mkaguzi atakachokiona.

Kama una swali kuhusu lori lako, tutumie kama unavyotutumia maswali mengine, nasi tutalipeleka kwa wahusika na kulijibu hewani.